Daftari na Joto la Pasi

Yule mama mpiga pasi walimwita Daftari, na daftari lenyewe hakuwahi kulimiliki hata siku moja. Katika duka lile la dobi nguo hazikufungwa kibandiko wala kutiwa alama ya uzi. Mteja akileta nguo, Daftari aliishika, akaiangalia mara moja, basi. Shati lenye kifungo kilichoshonwa kwa uzi mweusi ni la mhasibu. Gauni lenye doa la wino pindoni ni la mkunga. Miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyeondoka na nguo ya mwenzake. Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyekaa kaunta. Mteja mgeni akiuliza risiti, alimwonyesha meza ya pasi: "Risiti ndiyo ile pale, imesimama."

Sasa asubuhi moja mwalimu mkuu akaingia ameshika kiuno kwa mikono miwili. Ni mtu mfupi, mnene kiasi, mwenye heshima zake. Suruali aliyovaa ilikuwa imekunjwa mara nne miguuni, na bado inafagia sakafu.

"Mama Daftari," alisema kwa sauti ya chini, "wazazi wa wanafunzi wananisubiri. Hii suruali si yangu."

Haikuwa yake, kweli. Ilikuwa ya dereva wa lori, yule anayeinama ili apite mlangoni, na dereva keshasafiri na ya mwalimu. Wifi akajitia kutafuta kitu chini ya kaunta, maana kicheko kilikuwa kimemkaba. Alipoibuka alikuwa na pini nane. Akamkunjia na kumbana vizuri, mwalimu mkuu akaenda zake polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Daftari hakucheka. Kosa hili lilikuwa la tatu mwezi ule. La kwanza alilificha, la pili alimsingizia mteja mwenyewe. Akafungua funguo za duka kiunoni, akaziweka juu ya kaunta.

"Wifi, chukua. Kazi basi. Mimi nimeshaanza njia ya mama."

Wifi hakuuliza njia gani. Mama mzazi wa Daftari alikuwa kule nyumbani, kwenye kiti cha kando ya dirisha, mkono wa kulia haufanyi kazi tangu kiharusi kilipomwangusha akiwa na miaka hamsini na minne. Na kabla hajaanguka, alianza kusahau. Chumvi aliitia mara mbili, watoto aliwachanganya majina. Daftari alikuwa na miaka arobaini na tisa. Hesabu hiyo aliipiga kila siku, na kila siku ilimtisha.

Alisema hayo huku anajipepea kwa kifuniko cha boksi, jasho linamtiririka shingoni. Wifi akamtazama. Akaenda kwenye meza ya pasi, akaweka kiganja kwenye bati la pasi. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

"Wifi, pasi imepoa. Sasa hilo joto ni la nani?"

Miaka miwili Daftari aliilaumu pasi, na pasi ya watu haikuwa na kosa.

"Nimezoea tu," alisema.

"Na usiku? Usiku unapiga pasi?"

Daftari akakiweka chini kifuniko cha boksi. Usiku alikuwa akiamka shuka limelowa.

"Mimi yalinipata miaka sita iliyopita," wifi akasema. "Nililala sakafuni mwaka mzima. Shemeji yako nilimwambia ni mgongo."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwani wewe umeniambia?"

Wakafunga duka mchana kweupe, wakaenda zahanati.

Daktari alikuwa msichana ambaye Daftari angeweza kumzaa, lakini hakuwa na pupa. Alimpima presha mara mbili: mia sitini na mbili kwa tisini na nane. Akamuuliza mengi, yakiwamo ya siku zake zilizokuwa zikija na kupotea. Kisha akamweleza kwamba homoni za kike zikishuka, si uzazi tu unaoguswa. Ubongo nao huguswa, ndiyo hayo ya joto na kusahau. Na mishipa ya damu hukosa msaada iliouzoea, ikaanza kukakamaa.

"Kama lastiki ya kaptula iliyofuliwa sana," Daftari akasema.

Daktari akacheka. "Hiyohiyo. Kusahau kwa namna hii wengi huwapungua, na sioni dalili kwamba akili inakukimbia. Tutaendelea kukuangalia. Lakini hii presha, mama, ndiyo inayoangusha watu, na hii tunaianzia dawa leo. Mama yako alikuwa anapimwa?"

Daftari hakujua. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Njiani akanunua daftari la kuandikia nguo za wateja. "Daftari kanunua daftari," wifi akasema. "Sasa nimeona yote."

Alipofika nyumbani aliketi karibu na mama yake, akamsimulia yote. Mama alisikiliza. Maneno yake yalitoka moja moja, kwa upande mmoja wa mdomo.

"Joto," alisema. "Hata mimi. Na kichwa kinagonga."

"Mbona hukutuambia, mama?"

"Mlikuwa mnacheka."

Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililomuumiza Daftari. Walikuwa wanacheka, kweli. Mama alipofungua madirisha mvua inanyesha na kujipepea kwa sahani, ni yeye Daftari aliyemwiga mezani, ndugu zake wakashika mbavu. Akalia. Mama akamwacha alie, kisha akamgonga goti kwa mkono wa kushoto.

"Lakini uliniiga vizuri," alisema, na nusu ya uso wake ikatabasamu. "Kama anavyokuiga huyo wako."

Daftari akainua uso. Wiki iliyopita tu bintiye alikuwa amemwiga hapo hapo sebuleni, anajipepea na kuhema, na yeye mwenyewe akacheka.

"Andika," mama akasema. "Yangu kwanza."

Akaandika. Ukurasa wa kwanza ukawa wa mama: joto, kichwa, kusahau, na mwaka kila kitu kilipoanza. Wa pili ukawa wake, pamoja na namba za presha alizopimwa na daktari. Juu ya wa tatu aliandika jina la bintiye, akauacha mtupu. Suruali ya mwalimu mkuu ilisubiri wa nne.

Kisha akamwita bintiye. Msichana akaja kutoka jikoni huku anacheka, akawakuta hawacheki, akavuta kigoda akaketi.