Dume la Msibani

Jubilate alikuwa mkandarasi wa kujitegemea, mjenzi wa makalavati na vidaraja kati ya Ipinda na Ndandalo, na mwaka huo kazi zilimnyookea. Faida ilinenepa, kodi nayo ikanenepa, na lori alilokuwa akilitamani likaanza kumponyoka. Simenti, kokoto, dizeli, ujira wa vibarua, vyote alishavitoa kwenye mapato kihalali kabisa. Bado faida iliyobaki ilimkera. Ndipo akakumbuka msiba wa mama yake.

"Lile dume la ng'ombe alilolileta baba yako," alimwambia mkewe, Lusungu, huku akichokonoa meno, "nimeliingiza kama nyama ya vibarua. Gharama ikipanda, faida inashuka, na kodi inashuka. Mzee asaini tu kwamba aliniuzia."

Lusungu aliisukuma kando sahani yake ya wali. Dume lile baba yake, mzee Hezroni, alilikokota mwenyewe, kama mila inavyomtaka mkwe anapokwenda kuzika, na zizini hakubakiza jingine. Watu walikula, wakalia, wakamzika bibi kwa heshima. Leo limekuwa posho ya wachimba mitaro! Kinyaa kilimshika, kinyaa cha kumwona mtu anayelala naye kitanda kimoja akimgeuza mama yake mzazi kuwa punguzo la kodi.

"Nenda mwenyewe," alisema.

"Kwa baba mkwe? Nitamtazamaje usoni?"

"Kumbe aibu unayo!"

Hata hivyo Lusungu alienda, maana lori lingekuwa la nyumba nzima, na kwa hilo alijichukia.

Ndandalo alimkuta baba yake akigeuza kakao juu ya mkeka. Mzee aliisoma karatasi polepole, akasaini bila ugomvi.

"Ndaga, mwanangu, kwa kuja," alimshukuru. "Mwambie mkwe, siku yangu mimi asihangaike na ng'ombe. Alete risiti."

Njia nzima Lusungu alitema mate.

"Kasaini?" Jubilate alimdaka mlangoni pa jiko.

"Kasaini." Akamweleza maneno ya baba yake, bila kupunguza hata moja.

Jubilate akaangua kicheko. "Mzee ana utani yule! Hebu lete."

Lusungu aliikunja karatasi, akaisukuma mafigani chini ya sufuria, akapuliza mpaka ikashika moto.

"Kalipe kodi," alisema. "Ukishalipa, tafuta ng'ombe. Baba amezeeka."