Maji ya Dengu

Mama Wisa alikibonyeza kipande cha keki ya chokoleti kwa kidole. Kikanywea, kisha kikainuka polepole kama godoro jipya. Hapo uso wake ukabadilika.

"Demiana, hii ina mayai."

Sebuleni vikombe vya chai vikawekwa chini. Wakristo wote wa Girga, mji wa Misri, walikuwa kwenye Kwaresima: hakuna nyama, maziwa, siagi wala yai mpaka Pasaka. Na Mama Wisa, ambaye hata biskuti huisoma karatasi yake kwanza, alikuwa amekuja kutamka siku ya harusi ya mwanawe na Demiana. Nyumba inayovunja saumu kwa siri asingeoa humo Wisa. Hilo alikwisha kulisema mlangoni pa kanisa, watu wakisikia.

"Haina, mama," Demiana akasema.

"Keki za saumu nimeanza kuoka wewe hujazaliwa. Huwa ngumu kama tofali, tunazisukuma kwa chai. Hii imeumuka kwa nini? Kwa maombi?"

Demiana akamtazama mama yake, Irini, naye akatikisa kichwa kidogo: usiseme. Tangu asubuhi Irini alikuwa amemwapisha binti yake asiitoe siri. Sasa bora lipi? Kuitwa mvunja saumu, au kukiri kwamba wakwe wameokewa keki kwa maji ya dengu za kuchemsha, yale ambayo wengine huyamwaga?

Wisa alikuwa ameinamisha macho kwenye zulia, hamtazami. Hilo ndilo lililomtoa neno.

"Ni maji ya dengu. Ukiyapiga yanaumuka kama ute wa yai."

Irini akafumba macho. Mama Wisa akacheka kicheko kikavu.

"Dengu kwenye chokoleti. Binti, hata uongo una kipimo chake."

"Twende jikoni, mama, uone."

Jikoni ndiko balaa lilikomngoja. Maji yaliyobaki Irini alikuwa ameshayatia chumvi, ndimu, bizari nyembamba na pilipili, wayanywe jioni kama ilivyo desturi. Demiana hakuwahi kuyapiga yakiwa hivyo, na mengine hayakuwapo. Akayamimina bakulini, akashika kipigio cha waya, akaanza.

Maji yakarukaruka tu, rangi ya matope.

"Tunangoja Pasaka?" Mama Wisa akauliza.

Viputo vikatokea, vikapasuka. Bega lilikuwa likimwaka, akabadilisha mkono. Mama Wisa akachukua mkoba wake, akauweka kwapani.

Ndipo mlio ulipobadilika. Maji yakaacha kuruka, yakawa mazito, yakapauka, yakapanda hadi nusu ya bakuli. Demiana hakuthubutu kuacha. Alipoinua kipigio, povu lilisimama kwenye ncha yake, likakataa kuanguka.

Mama Wisa akachovya kidole, akaramba. Pilipili ikamkohoza. Akaramba tena, taratibu, kama anayesaka yai lililojificha humo. Kisha akarudi sebuleni, akaketi, akajikatia kipande kikubwa kuliko kile cha kwanza.

"Jumapili ya pili baada ya Pasaka," akasema, mdomo umejaa. "Na keki ya siku hiyo utie mayai kama watu. Wageni wangu sitawalisha dengu harusini."

"Sawa, mama."

"Mama Demiana, mbona umesimama kama mgeni kwako? Keti ule."

Irini akaketi, akajikatia kipande.

"Dengu gani?" Wisa akauliza, ndiyo kwanza anainua macho kutoka kwenye zulia.

Demiana akamsogezea sahani.