Fromaji Nne na Mlango wa Dharura

Katika ndege ile ndogo ya abiria tisa, iliyoegeshwa uwanjani Goma, kiti kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kando ya mlango wa dharura. Mama Donatille alikitaka kwa moyo wake wote. Jumamosi mjukuu wake Umugwaneza, aliyemlea tangu mama yake alipofariki, alikuwa anaolewa Bunia, na alikuwa ameapa kwamba hatoki nyumbani bila koko yake, yaani bibi yake, kumnywesha maziwa ya ng'ombe wa kwao Masisi. Maziwa yangeharibika njiani. Basi koko akachukua fromaji nne, zile jibini nzito za mviringo, za maziwa hayo hayo. Ndege nyingine ilikuwa ya wiki ijayo.

Rubani, Papa Darius, hakuwa mtu wa mchezo. Kabla ya kuruka aliwafanyisha abiria mazoezi. Ndege ikitua vibaya, aliwaeleza, mnafungua mikanda, mnatoka wote kabla sijahesabu sitini, na hakuna kushika kitu mkononi. Anayekaa kando ya mlango ndiye anayeufungua, akishindwa, hasafiri.

Sasa mwambie mwanamke wa Masisi aende harusini mikono mitupu, uone. Mama Donatille alisikia neno "mkononi" akaridhika. Akazifunga fromaji mgongoni kwa kitenge, kama anavyobebwa mtoto, akajitanda kingine juu.

Papa Darius akapiga makofi, ishara ya kuanza zoezi. Mama Donatille akafungua mkanda, akainuka, akageukia mlango, akakwama kati ya kiti na ukuta. Hakwenda mbele wala nyuma. Mmoja akacheka, wakacheka wote, na yeye mwenyewe akacheka mpaka machozi. Sitini ikafika watu wote wangali ndani.

"Mama," Papa Darius akauliza, "huyu mutoto iko na miezi ngapi?"

"Ni fromaji, papa. Ya ndoa."

Rubani akatikisa kichwa, akasema kwa upole kwamba basi atasafiri wiki ijayo. Kicheko kikaisha. Mama Donatille alimwona akilini Umugwaneza amekaa na shela lake akingoja, na roho ikamuuma kweli. Akafungua kitenge, akaziweka fromaji chini, pembeni ya ndege.

"Tujaribu tena mara moja tu, papa. Nikishindwa, narudia kwangu Ndosho na miguu."

Safari hii aliutazama mlango vizuri. Unainua mpini, unauzungusha, unasukuma kwa bega. Kumbe ni komeo la zizi! Alikuwa akifungua makomeo tangu ana miaka sita, ng'ombe wakimsukuma kwa nyuma. Makofi yalipolia, kufumba na kufumbua alikuwa nje, akiwavuta watu kwa mkono, akiwapiga migongo wasogee, akihesabu kwa sauti kwa Kifaransa: un, deux, trois. Kwenye sept, mtu wa saba, akasimama. Walipaswa kuwa nane.

Landry, mfanyabiashara wa simu, alikuwa amerudi kuchukua sanduku lake. Mama Donatille akaingiza kichwa ndani, akampigia mluzi anaompigia ndama mzembe.

"Mimi nimeacha fromaji ya ndoa," akamwambia. "Wewe unashindwa kuacha nini?"

Landry akatoka mikono mitupu. Papa Darius alikuwa amefika thelathini na nane. Hakusifu mtu, alizibeba fromaji mwenyewe, akazifunga pamoja na mizigo.

Walipotua Bunia, Umugwaneza alikuwa ameshafika uwanjani, anapunga mikono nyuma ya uzio na kuita koko, koko. Kila mtu alidhani bibi atamkimbilia. Wapi. Alisimama chini ya ndege akahesabu wanaoshuka, mpaka huit, wa nane, na rubani akawa neuf, wa tisa. Hapo ndipo alipokimbia, kwa furaha isiyokumbuka fromaji wala kitenge, akamkumbatia mjukuu wake kwa nguvu.

"Dix, wa kumi," akasema. "Sasa muko wote."

Nyuma yake Landry alikuja polepole, akitoka jasho, fromaji nne zimefungwa mgongoni mwake kwa kitenge.