Kiwiko cha Uzio

Barua ya manispaa ilifika Jumanne. Ilisema jirani yangu Darlene Fitch, wa nyumba ya kona, anaomba ruhusa maalumu ajenge uzio wa mbao wa futi sita, futi nane tu kutoka barabarani, ilhali sheria inataka ishirini. Sisi tunaopakana naye tuje kikaoni tukiwa na pingamizi. Mimi pingamizi nilikuwa nalo kabla sijamaliza kusoma.

Mtu hajengi futi sita kama hana la kuficha. Tangu mke wangu Lorna afariki, asubuhi hukaa dirishani na kahawa yangu, na ukikaa dirishani unaona mengi. Nilimwona mpima ardhi akija mara mbili. Nilimwona Darlene amesimama kwenye theluji akiutazama mtufaha wa Lorna, kisha akaniona, akanipungia mkono. Miaka tisa ya ujirani hajawahi kunipungia mkono mwezi wa Februari. Dalili ya mvua ni mawingu.

Mtufaha ule Lorna aliupandikiza mwenyewe, kwa kijiti alichokata shambani kwa baba yake na kukiunga kwenye shina changa. Shamba lile sasa ni maduka, na matufaha ya namna ile huyapati sokoni. Mti uko mpakani, upande wangu. Ndivyo nilivyojua kwa miaka thelathini.

Nilikwenda manispaa kuuona mchoro.

"Merle, umekuja tena," alisema karani.

"Nionyeshe tu."

Uzio ulinyooka vizuri kutoka nyuma, halafu ulipofika upande wangu ukajikunja kama kiwiko, ukaingia ndani ya kiwanja chake mwenyewe, kisha ukatoka tena.

"Hapa pana nini?"

"Sijui. Labda anapenda kona."

"Mtu hatoi ardhi yake bure. Akiacha kidogo, ujue kuna kikubwa anachokitaka."

Kikao kilikuwa Alhamisi. Mwenyekiti, Bwana Haskell mwenye duka la rangi, alitukumbusha kanuni: anayeomba ruhusa lazima aonyeshe shida, na shida iwe ya ardhi, si ya mtu. Darlene akaeleza kwamba kiwanja cha kona kina barabara pande mbili, kwa hiyo sheria inamla ardhi mara mbili. Alitaka kumchukua mbwa wa mashindano ya mbio aliyestaafu, na chama kinachowagawa hakimpi mtu mbwa bila uzio wa futi sita na uwanja wa kukimbia.

"Na hicho kiwiko?" Haskell akauliza.

Darlene akanitupia jicho. "Nimeamua tu hivyo."

Nikasimama. Nilisema jirani mwema hana siri, nikasema kuhusu mpima na kuhusu kile kiwiko ambacho mwenyewe hawezi kukieleza. Nilisema vizuri, sifichi. Walipiga kura, watatu dhidi ya wawili, ombi likakataliwa. Njiani nilijinunulia kipande cha pai.

Kesho yake asubuhi fundi wa uzio alikuwa nje, anavuta kamba. Kigingi chenye utepe wa rangi ya chungwa kilikuwa upande wangu wa mtufaha. Nilitoka na ndara.

"Bwana, kigingi umekosea."

"Sijakosea, mzee. Mpaka ndio huu." Akanionyesha karatasi ya mpima. "Mti uko kwake, futi tatu nzima."

"Haiwezekani."

"Ndiyo maana ya kile kiwiko. Alitaka tuuzunguke mti, ubaki nje kwako. Ila ukiuzunguka, mbwa anabakiwa na ujia tu, ndiyo akaomba tusogee barabarani. Wamemkatalia. Sasa tunafuata mpaka, na mti umekaa katikati ya njia ya mbwa kukimbilia, kwa hiyo unaondoka Jumatatu."

"Kwa nini hakusema pale?"

"Mimi nilimuuliza hivyohivyo. Akasema hawezi kumwambia mzee mbele ya watu kwamba mti wa mkewe si wake."

Nilirudi ndani nikampigia karani simu kwamba nafuta maneno yangu. Alinijibu kwa upole kwamba kura ikishapigwa, ombi lilelile halirudi mezani mpaka mwaka upite. Mbwa alikuwa anakuja Aprili.

Nilikaa dirishani na kahawa ikapoa. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimechimba kwa bidii. Kilichoniuma zaidi ya mti ni aibu. Wiki nzima nilimchimba mtu aliyekuwa ananisitiri.

Jioni nilikwenda kubisha kwa Darlene. Alifungua mlango nusu.

"Bwana Stroud," akaniita kwa jina la ukoo.

"Nimekuja kuomba ruhusa," nikasema. "Vijiti vichache tu, kabla ya Jumatatu. Huu ndio msimu wa kuvikata. Nitavipandikiza kwangu, mbali na mpaka."

Alinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama mimi, mtu anayetafuta kilichofichwa.

"Shida yako," akasema, "ni ya ardhi au ya mtu?"

Nilistahili.

"Ya mtu."

Darlene aliutazama mti kupitia begani kwangu. Kisha akavuta koti lake kwenye msumari, akanipita, akaenda kuchukua ngazi.