Komeo la Nje

Kabla ya kubisha hodi, mshauri wa familia alivua kizibao chake cha kazi, akakikunja na kukitia mkobani, ili majirani wasijue ni mgeni wa namna gani. Hata hivyo fundi cherehani, aliyekaa kando ya geti akitazama barabara, alipaza sauti:

"Mama Pacha, mgeni huyo! Mwekee chai, usituaibishe!"

"Shona nguo za watu, shemeji," alijibu Mama Pacha, akimwingiza mgeni haraka.

Ndani, mshauri aliulizia watoto, akasifu pazia. Kisha macho yake yakatua kwenye mlango wa chumba cha mama mkwe wa Mama Pacha. Komeo lilikuwa upande wa nje, nalo limefungwa.

"Bibi anafungiwa humu?" aliuliza, bila kupunguza sauti.

Kabla Mama Pacha hajapata neno, sauti nyembamba ilitoka nyuma ya mlango: "Nilimwomba mwenyewe, mgeni. Naogopa wezi. Usimgombeze mwanangu."

Mama Pacha aliinamisha uso. Mama huyu, asiyekumbuka siku hizi hata njia ya kurudi nyumbani, alikuwa hajasahau kumsitiri.

Mshauri naye alitahayari. Akausogelea mlango. "Bibi, nisamehe. Nimekuzungumzia kana kwamba hupo. Naomba tuzungumze sote watatu."

"Fungueni basi. Nitazungumza na mbao?"

Mama Pacha alifungua. Mshauri hakulitaja tena komeo, aliuliza taratibu, "Na wewe dada, unapumzika saa ngapi?"

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kukana, hakujiandaa kuhurumiwa. "Sipumziki. Nikienda kufua kwa watu, mama hutoka. Juzi gari nusura limgonge." Akamgeukia mama mkwe. "Mama, si wezi. Nilikufungia mimi, wala sikukuuliza."

"Najua," alisema mama mkwe. "Ukishaondoka, huwa nagonga."

Mshauri aliuliza, "Nani hushinda karibu na geti?"

Mama Pacha alitoka, uso chini. "Shemeji, niazime bisibisi."

"Umefungua gereji?"

"Nang'oa komeo la mlango wa mama. Nimekuwa nikimfungia. Nikiwa kazini, naomba umwangalie asifike barabarani."

Cherehani ilinyamaza.

"Nilikuwa namsikia akigonga," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Nikawa naongeza mwendo wa cherehani."

Akampa bisibisi, kisha akageuza kiti chake kikatazama geti.