Kumbukumbu ya Gari la Maige

Nilimwambia George, muuza vipuri wa Geita, kwamba akiniletea tena kile kidude chake cha kuchomeka kwenye gari na kusomea hitilafu kwenye simu nitamrushia usoni.

"Lakini mama, hiki ndicho wanachonunua wachimbaji wote," akasema. "Chepesi, bei poa."

"Wachimbaji wana magari ya juzi! La mume wangu ni Corolla ya zamani. Soketi yake iko chini ya boneti, tena siyo ya namna hii. Ona!" Nikamsogezea picha kwenye simu. Hamza, fundi wetu wa Shinyanga, ndiye aliyeipiga. Yeye mashine yake husoma magari mapya tu, na alinionya kwamba nikikosea kuchagua, Maige ndiyo basi tena.

Maige, mume wangu, alikuwa mahabusu. Alikuwa akishuka mteremko karibu na kwetu Ibadakuli, injini ikazima ghafla, usukani ukawa mzito, breki zikawa ngumu kama jiwe, gari likamgonga mzee Magesa kwenye baiskeli. Mzee wa watu akafa palepale. Askari walipolijaribu gari, likawaka vizuri na breki zikashika, basi wakaandika mwendo kasi, gari wakaturudishia. Mwendo kasi, Maige? Mimi humtukana kila siku kwa kuendesha kama kabeba mayai! Mpelelezi peke yake alilegea kidogo. Alisema kama kompyuta ya gari ilihifadhi kwamba injini ilizima, nimletee kabla ya Jumatatu, kesi haijaenda mahakamani.

George akashusha kutoka juu ya kabati sanduku la kijivu, lina kioo na rundo la nyaya zenye soketi za kila aina. Nililinganisha moja moja na picha, tundu kwa tundu, huku wateja wakinung'unika nyuma yangu. Wacha wanung'unike. Nilipoipata inayofanana nililia pale dukani, na sikuona haya.

Nilipofika nyumbani Hamza alikuwa ananisubiri uani. Akafunua boneti, akasimama tu.

"Shemeji, betri iko wapi?"

Mayala, mdogo wake Maige, akatoka ndani na uso mkunjufu. "Nimewapelekea wafiwa. Umeme wao umekatika, watu wanalala matangani gizani. Nikasema sisi ndio tuliowaondolea mzee wao, angalau tuwape mwanga. Mjane alinishika mkono, shemeji. Alinishukuru."

Hamza akajishika kichwa. "Kairudishe. Haraka."

Mayala akaenda kuiomba kwa aibu, akarudi nayo kwenye baiskeli. Hamza akaifunga, akachomeka soketi. Iliingia vizuri kabisa. Kioo kikawaka, kikafikiri, kikaandika: hakuna hitilafu.

"Rudia," nikasema.

Akarudia. Hakuna hitilafu.

"Gari hili la zamani hukumbuka kwa umeme wa betri," Hamza akasema polepole. "Ukiitoa, linasahau kila kitu."

Mayu wane, mama yangu! Nilitaka kumzaba Mayala kibao. Lakini ningempiga kwa kosa gani? Alifanya kile ambacho Maige mwenyewe angefanya. Alikuwa amesimama pale anarudia kwamba hakujua, hakujua.

"Sasa tufanyeje?" nikauliza.

"Labda lizime tena huku mashine imechomekwa."

"Nipe funguo."

"Shemeji, likizima ukiwa kwenye mwendo..."

"Hamza, nipe funguo!"

Tukapitisha waya chini ya boneti hadi dirishani. Hamza akakaa kando yangu, mashine mapajani. Mayala akaingia nyuma bila kuitwa. Nikashika barabara moja pana ya vumbi isiyo na watu, nikaenda, nikarudi, nikaenda tena. Injini ikanguruma vizuri, laini, kana kwamba imetoka kiwandani. Sijawahi kuichukia sauti nzuri namna ile.

"Zima!" nikapiga usukani. "Zima, mbwa wewe! Ulizima kwa Maige, kwangu unaringa? Zima!"

Nyuma Mayala alikuwa analia na kuomba Mungu gari liharibike. Jua lilikuwa linatuchoma, Hamza hakuinua macho kwenye kioo, na mimi nilizidi kuzunguka.

Kisha injini ikakohoa. Usukani ukawa mzito mikononi mwangu, breki zikawa ngumu. Gari likaserereka lenyewe hadi likasimama, na mimi nikapiga vigelegele, wallahi, nikamkumbatia Hamza kwa nguvu hadi mashine ikataka kumponyoka.

"Imeandika nini? Soma!"

Hamza hakusoma. Alikuwa anatazama mshale wa mafuta.

"Petroli imeisha, shemeji," akasema.