Mama Vestine na Kamba ya Nyangumi

Mama Vestine alijua kusoma jina lake, jina la kijiji chake Kalembe, na maneno yaliyoandikwa kwenye mfuko wa chumvi. Basi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Kila Jumanne na Alhamisi alitoka shambani, akaosha miguu, akaenda kanisani, ambako Mwalimu Édouard aliwafundisha watu wazima kusoma. Karibu wote walikuwa wanawake. Wakifanya vizuri, mwishoni mwa somo mwalimu alifungua kabati na kuwasomea ukurasa mmoja wa kitabu cha zamani kisicho na jalada, kilichoachwa na mapadri. Kilikuwa cha Kiswahili bora, na kilisimulia safari ya merikebu iliyokwenda kuwinda nyangumi, karibu miaka mia mbili iliyopita.

Siku ya kwanza walimkatiza kwenye mstari wa kwanza.

"Nyangumi njo nini?" aliuliza Mama Falone, jirani yake Vestine. "Nyama ya kupiga bantu ngumi?"

"Iko nyama ya bahari," alijibu mwalimu, maana Kalembe mnyama huitwa nyama na watu huitwa bantu. "Inashinda tembo. Hii ya kitabu iko na metre kumi na nane."

Walicheka, hawakuamini. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyekosa somo.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi walifika mahali pabaya. Wanaume sita walikuwa wameshuka kutoka merikebuni kwa mtumbwi. Mmoja akarusha chusa, ule mkuki wenye meno, na ukamwingia nyangumi mgongoni. Chusa kilikuwa na kamba, na kamba ilifungwa kwenye mtumbwi. Nyangumi akakimbia nao. Ukungu ukashuka, merikebu ikapotea machoni. Msaidizi wa nahodha akainua shoka juu ya kamba.

Mwalimu akafunga kitabu.

"Mwalimu! Alikata ao hakukata?"

"Tutajua Jumanne," alisema akitabasamu.

Jumanne hakuja. Alikuwa amekwenda Mubi kwenye ndoa ya mdogo wake, mvua ikanyesha siku tatu, daraja likachukuliwa na maji. Dereva mmoja wa pikipiki aliyepitia njia za porini alileta salamu: mwalimu atarudi daraja likitengenezwa.

Wanawake walirudi nyumbani wamenuna. Shambani walipalilia wakibishana. Mama Falone alisema yule msaidizi lazima akate, ana watoto. Mwingine akasema hawezi, nahodha atamfukuza. Siku zikapita, na wale wanaume sita walikuwa bado ndani ya ukungu, shoka hewani.

Vestine ndiye aliyefagia kanisa, kwa hiyo funguo zilikaa kwake. Ijumaa alifungua kabati, akakifunga kitabu ndani ya kitenge, akaenda nacho nyumbani.

Asubuhi yake alianika maharagwe juu ya turubai, akakaa pembeni kuyalinda dhidi ya kuku na mbuzi, kitabu magotini, kidole kwenye mstari.

"M-sa. Msai. Msaidizi," alisoma. Jasho lilimtoka kuliko wakati wa kulima.

Mumewe, Barthélemy, alikuwa karibu akisuka kikapu. Alizaliwa upande wa Walikale na aliwinda msituni miaka mingi kabla ya kuoa na kuhamia huku milimani. Masomo ya kanisani aliyaita mambo ya wanawake.

"Unaongea na nani?" aliuliza.

"Na bantu ya bahari. Nyamaza kidogo, Papa Noëlla." Noëlla ni binti yao wa kwanza.

Lakini alikuwa na hamu ya kusimulia, akamweleza yote. Barthélemy akaweka kisu chini.

"Balifunga kamba kwa mutumbwi? Na benyewe beko ndani?"

"Njo vile."

"Hapana! Siye, nguruwe ya pori ukishaipiga mukuki, unaiacha ikimbie, unafuata damu pole pole. Haujifunge nayo! Bakate hiyo kamba!"

"Ngoja nisome."

Akasogea, akakaa karibu naye. Hakujua herufi hata moja, lakini alikikodolea macho kidole cha mke wake kama mtu anayefuata nyayo. Mbuzi wawili wakaingia kwenye maharagwe, wakala walivyotaka. Hakuna aliyewaona.

"A-ka. Aka-ka. Akaka-ta." Vestine akainua kichwa. Akarudia neno kwa sauti. "Akakata! Papa Noëlla, alikata!"

Aliruka juu, kitabu mkononi. Barthélemy naye akaruka, akapiga makofi. Mama Falone akaja mbio na fimbo, akidhani ni nyoka.

Hadi jioni Vestine alikuwa amemaliza ukurasa. Wanaume walibaki hai, wakatanga ndani ya ukungu, hadi waliposikia harufu ya moshi wa mafuta ya nyangumi yaliyokuwa yakichemshwa merikebuni. Wakaifuata kwa makasia.

"Moshi!" alisema Barthélemy kwa fahari, utadhani yeye mwenyewe alikuwa mtumbwini. "Ukipotea, unatafuta moshi ya kambi."

Jumanne wanawake walikusanyika bila mwalimu. Hawakutaka kusimuliwa, walitaka kusomewa. Vestine alisimama mbele, kidole kwenye mstari. Nyuma kabisa alikuwa ameketi Barthélemy na wanaume wengine watatu. Alisoma polepole, akikwama na kuendelea, na alipofika kwenye neno "akakata" kanisa zima lilipiga vigelegele.

Kisha akafungua ukurasa ambao hakuwahi kuuona. Nyangumi mwingine ameuawa. Mabaharia wanambandua mafuta, wanayachemsha, wanajaza mapipa. Vestine akarudia mstari taratibu.

"Nyama wakaitupa baharini."

"Yote?" aliuliza Barthélemy akisimama.

"Yote."

"Nyama ya metre kumi na nane? Bantu gani hawa!"

Kelele zikazuka. Mama Falone akapaza sauti: "Mule ndani hamukuwa hata mama mumoja!"

Mtu akacheka mlangoni. Alikuwa Mwalimu Édouard, matope hadi magotini, viatu mkononi. Alikuwa amesimama pale tangu mwanzo wa ukurasa. Vestine akataka kumpa kitabu haraka, kama mwizi aliyekamatwa.

"Hapana, Mama," alisema mwalimu. "Maliza ukurasa."

Akaumaliza. Ndipo mwalimu akaeleza kwamba mafuta yale yaliwasha taa huko Ulaya na Amerika, kabla ya kugunduliwa kwa mafuta ya taa. Barthélemy hakutulizwa. Alitaka kujua nyama iliyotupwa ilikuwa kiasi gani hasa.

"Mimi niko na metre moja na santimetre makumi saba," alisema mwalimu. "Bantu kumi na moja njo nyangumi mumoja. Twende inje, tuipime."

Akalala chali kwenye majani, mbele ya mlango wa kanisa. Barthélemy akalala, kichwa chake kikigusa miguu ya mwalimu. Wakafuata wengine, mama mmoja mmoja, wakikaza vitenge na kucheka, mwalimu akihesabu kwa sauti akiwa amelala. Wa kumi na moja alikuwa Mama Vestine. Alijinyoosha kwenye majani yenye unyevu, akageuza kichwa kutazama mstari mrefu wa watu wa Kalembe, miguu na vichwa, hadi kule mlangoni.

"Ni mimi mukia?" aliuliza.

"Njo weye mukia!" wakamjibu.

Basi Mama Vestine akainua miguu yake miwili, akaipiga chini kwa nguvu, na nyangumi mzima akatetemeka kwa kicheko.